Jaruba Lisilo na Zamu: Kuyapima Mabadiliko ya Farming Simulator 25

Jaruba langu la kwanza, yaani shamba la mpunga lililozungushiwa matuta, katika mchezo wa kompyuta wa Farming Simulator 25 lilijaa maji kwa muda mfupi kuliko ninaohitaji kumimina chai kikombeni. Niliamuru maji yapande, yakapanda, yakatulia sawia kutoka tuta hadi tuta, na anga ikajitazama ndani yake kwa uzuri ambao sikuwahi kuuona katika mchezo wowote wa kilimo. Baba yangu, aliyekuwa amekuja mjini kwa ajili ya kliniki, na ambaye jioni hizo alizoea kukaa nyuma ya kiti changu akitazama kioo cha kompyuta kwa subira ya mtu asiyetaka kumvunja moyo mwanawe, aliuliza swali moja tu: “Na wa chini yako anapata saa ngapi?”

Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye skimu ya umwagiliaji, swali hilo linahitaji maelezo kidogo. Sisi tumetokea Igurusi, wilayani Mbarali, ambako mpunga hulimwa kwa maji ya mito inayoteremka kutoka milimani hadi bonde la Usangu, na maji hayo hupita mferejini kutoka shamba hadi shamba. Aliye juu hunywesha kwanza, kisha hufunga na kumwachia wa chini yake, naye humwachia wa chini zaidi, kila mmoja kwa zamu aliyopangiwa. Mkulima anaweza kuwa na mbegu bora, mbolea na vibarua wa kutosha, lakini akikosa zamu yake wakati miche imeiva kitaluni, msimu wake umeharibika. Kwa hiyo baba alipoliona jaruba limejaa bila mtu yeyote kuamka saa nane za usiku na tochi na jembe kwenda kulinda mlango wa maji, aliona kwanza kile ambacho hakikuwamo.

Nimeucheza mchezo huu kwa muda wa kutosha sasa kuweza kuuandikia, na nimeona nitumie kipimo kimoja nilichokipata kwenye swali hilo. Badiliko katika toleo jipya lina uzito pale linaponilazimisha kuamua jambo ambalo katika toleo lililotangulia nisingehitaji kuliamua. Mengine yote, hata yawe yanapendeza kiasi gani, nayahesabu kuwa rangi ya ukuta.

Kampuni inayoutengeneza, GIANTS Software, ni ya Uswisi, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Tangu hapo imejijengea hadhira ya watu wanaoona raha kukaa saa nzima wakivuta haro kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine, jambo ambalo rafiki zangu wanaocheza mpira wa kwenye kompyuta hawajawahi kulielewa. Toleo la Novemba 2021, yaani Farming Simulator 22, ndilo lililoniingiza mimi. Lilileta majira ya mwaka ndani ya mchezo wenyewe, lilileta minyororo ya uzalishaji ambamo ngano huwa unga na unga huwa mkate, na liliongeza zabibu, zeituni na, kwa furaha yangu, mtama. Majira yale yalikuwa badiliko zito kwa kipimo changu: kwa mara ya kwanza ilinibidi nijiulize kama ninachelewa kupanda, swali ambalo mkulima wa kweli hujiuliza kila asubuhi.

Toleo la sasa lilitoka tarehe 12 Novemba 2024 kwa kompyuta za Windows na Mac, na kwa PlayStation 5 na Xbox Series. Walio na PlayStation 4 au Xbox One waliachwa nyuma, na katika nchi ambako mashine za kuchezea hununuliwa zikiwa zimeshatumika hilo si jambo dogo. Mimi mwenyewe nililazimika kuiongezea kompyuta yangu kumbukumbu kabla mchezo haujakubali kwenda bila kusitasita. Ramani ni tatu: Riverbend Springs, iliyochorwa kwa mfano wa Marekani, Zielonka, yenye sura ya Poland, na Hutan Pantai, ya Asia ya Mashariki, ambayo jina lake ni la Kimalei lenye maana ya msitu wa pwani ingawa mandhari yake kwa sehemu kubwa inakumbusha Japani. Ni haki kusema kwamba Zielonka si mgeni, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwenye nyongeza ya Premium ya toleo la 22 na hapa imefanyiwa marekebisho. Karoti na kiazisukari chekundu navyo vilipitia njia hiyohiyo. Anayehesabu mapya ahesabu kwa uangalifu.

Mpunga, hata hivyo, ni mpya kabisa, na ndio sababu niliufungua mkoba. Upo wa namna mbili. Ule wa punje ndefu hupandwa kwenye shamba kavu kwa mashine ya kawaida ya kupandia mbegu, huvunwa kama ngano, na sina mengi ya kuusemea. Wa pili ndio wa majaruba: miche huzalishwa kwenye kitalunyumba au hununuliwa, hupakiwa kwenye mashine maalumu ya kupandikizia, jaruba hujazwa maji, miche hupandikizwa ndani yake, na mwishoni maji huondolewa ili mashine ya kuvunia iingie. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo huu kuna zao ambalo haliwezi kupandwa mahali popote tu, linalodai umbo fulani la ardhi, na ambalo humfanya mchezaji apange mambo matatu kwa pamoja: upatikanaji wa miche, hali ya maji na mwezi wa kupanda. Mara yangu ya kwanza niliandaa jaruba nikiwa sina mche hata mmoja, nikalazimika kununua wakati fedha zangu zilikuwa zimekwenda kwenye mashine. Hilo ni kosa la kweli la kilimo, na nilifurahi kulitenda.

Mashine ya kupandikizia yenyewe imetengenezwa kwa upendo. Inatembea juu ya maji kwa mwendo wa mtu anayetafakari, vidole vyake vikichomeka miche topeni kwa mistari iliyonyooka, na nyuma yake jaruba tupu hugeuka kijani. Nilikumbuka mama zetu walivyokuwa wakiinama tangu alfajiri kwenye kamba iliyofungwa kwa vigingi viwili, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, wakiimba ili mgongo usahau. Sitaki kuulaumu mchezo kwa kukosa wanawake wale, kwa kuwa mashine hizo zipo na zinatumika Japani na kwingineko, na sioni ubaya wa kijana wa Mbarali kuiona moja ikifanya kazi ingawa ni kiooni. Lakini niliona pia kwamba kazi yote iliyotangulia upandikizaji, yaani kusawazisha, kuvuruga tope kwa pawatila, kuziba matuta yaliyotobolewa na panya, imefupishwa hadi karibu kutoweka. Jaruba la Hutan Pantai huja likiwa limekwisha kuwa tambarare, na tuta lake halivuji.

Maji ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Ndani ya mchezo yana hali mbili unazozijali: yapo au hayapo. Mpunga wa kweli haukai hivyo. Wakulima wanaofuata kilimo shadidi, kama walivyofanya wa skimu ya Mkindo mkoani Morogoro, hupandikiza miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kisha huliachia shamba likauke hadi ardhi ianze kupasuka kabla ya kulinywesha tena. Ustadi wao wote umo katika kujua ni lini maji yapunguzwe. Mchezo ambao tayari una jaruba, una tuta na una kiwango cha maji, ungeweza kuweka ustadi huo bila gharama kubwa, na mchezaji angepata sababu ya kurudi jarubani kati ya kupanda na kuvuna. Kwa sasa hana. Anapandikiza, anaondoka, anarudi kuvuna.

Tena, maji hayo hayana mwenyewe. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea mito yetu ya Usangu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi karibu kila mwaka tangu 1993 katika sehemu inayopita kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila mkulima wa bonde letu amekaa kwenye mkutano ambamo lawama hiyo ilitupwa kutoka benchi hadi benchi: wafugaji, mashamba makubwa, wakulima wadogo wanaoacha mifereji wazi. Chini zaidi kuna bwawa la Mtera na mitambo ya umeme. Jaruba ni zao la kijamii kabla halijawa zao la biashara. Hutan Pantai ina majaruba mengi yaliyopangwa kando kwa kando, na hakuna hata moja linalolijali jingine.

Wanyama wapya ni nyati-maji na mbuzi. Nyati-maji hukamuliwa, na maziwa yake hutengenezwa jibini. Nilimtazama mnyama huyo kwa mshangao, kwa sababu katika mchezo ulioleta majaruba ya Asia, kiumbe aliyevuta majembe ndani ya majaruba hayo kwa karne nyingi amewekwa zizini atafune majani. Bila shaka watengenezaji wana mikataba na makampuni ya matrekta. Mchezo wenyewe hujitangaza kuwa na mashine na zana zaidi ya 400 za kampuni zaidi ya 150, na hakuna kampuni inayolipia nyati. Hata hivyo kinaya kimekaa pale palepale. Mbuzi naye amewekewa maziwa, na sina neno, ila mbuzi asiyeruka ua kwenda kula mahindi ya jirani ana walakini katika umbuzi wake. Kilichonipendeza ni watoto wa wanyama. Katika matoleo ya nyuma ndama alikuwa namba kwenye orodha. Sasa anaonekana akimfuata mama yake. Kwa kipimo changu ni rangi ya ukuta, nami nakiri kwamba niliutazama ukuta huo kwa muda mrefu.

Usukani unaojiongoza kwa GPS ni jambo jingine. Awali ulipatikana kwa nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, na sasa umo ndani ya mchezo: unaupanga mstari, unawasha, na trekta hunyooka lenyewe hadi mwisho wa shamba. Nilitarajia kuuchukia. Nilidhani utaniondolea ile kazi ndogo ya kushika mstari ambayo ndiyo iliyokuwa ikinituliza baada ya siku ya ofisini. Kinyume chake, umenifanya niamue mambo ambayo zamani sikuyaona: upana wa zana na mashine ya kunyunyizia vilingane, njia za kupita zibaki zilezile msimu hadi msimu, shamba lenye kona liingiwe kutoka upande gani. Aliyekodi trekta la kulimiwa kwa ekari anajua jinsi dereva mzembe anavyoacha visehemu visivyolimwa kisha akatoza ekari nzima. Huyu wa GPS haachi.

Kisha kuna ardhi inayobonyea. Injini mpya ya mchezo, yaani programu inayouendesha, ya kumi kwa hesabu yao, inaruhusu matairi kuzama na kuacha mitaro nyuma ya trekta, hasa shamba likiwa laini. Picha za matangazo zilitegemea sana jambo hili, na kwa macho ni kweli linavutia. Lakini katika misimu yangu yote sijaona mtaro wa tairi ukinipunguzia mavuno hata kwa debe moja. Nimepitisha trela lililojaa juu ya shamba lililolowa, makusudi, mara tatu, nikalipanda mwaka uliofuata, na mahindi yakaota kana kwamba hakikupita kitu. Mkulima huogopa kuingiza mzigo mzito kwenye shamba bichi kwa sababu udongo uliogandamizwa humlipiza kisasi baadaye. Waliotengeneza ardhi hii wameipa mwili na kuinyima kumbukumbu, na hapo ndipo naona fursa kubwa kuliko zote iliyopotea katika toleo hili.

Hali ya hewa imepata mvua ya mawe, ukungu na kisulisuli kikubwa kinachoweza kuyanyanyua marobota ya majani na kuyatupa kwingine. Mvua ya mawe hupunguza mavuno, na mara moja ilinipiga ngano ikiwa imebakiza siku chache. Niliduwaa kweli. Jambo la kwanza nililojifunza ni kutochelewesha kuvuna zao lililokomaa kwa tamaa ya kumaliza kazi nyingine kwanza. Basi hapo kuna uamuzi, na badiliko limepita mtihani. Kisulisuli ni tamasha. Anayeudhika anaweza kuvizima vyote kwenye mipangilio, na nadhani wengi wamevizima.

Lakini ukame haumo. Mvua ikikosa kunyesha, mahindi ya mchezo hayana habari. Nimefikiri kwa nini, na jibu langu ni kwamba mchezo umebuniwa na watu ambao kwao hofu ya mkulima hutoka juu kwa kishindo, ilhali hofu ya kwetu huja kwa ukimya: wiki ya pili bila tone, ya tatu, na majani ya mahindi yanaanza kujikunja mchana. Wala hakuna viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017 na kutufundisha kufunua kitovu cha mmea wa mahindi kila asubuhi. Wala hakuna kwelea-kwelea, ambao kwa ajili yao watoto wa Mbarali wamekosa vipindi vya shule wakiamia ndege mashambani. Sisemi kwamba kampuni ya Uswisi ina deni nasi. Ninachosema ni kwamba hasara za polepole humlazimisha mchezaji kuamua mara nyingi zaidi kuliko hasara za ghafla, kwa hiyo hata kama mchezo tu, bila kujali uhalisia, zingekuwa na faida zaidi ya kisulisuli.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Spinachi, njegere na maharage machanga yameongeza aina za mashine kuliko aina za fikra, kwa sababu ukishazijua mbegu na mvunaji wake, hesabu ni ileile. Wahusika wanaozungumza, waliowekwa kumwelekeza mgeni, humwelekeza kwa saa ya kwanza, kisha hawana cha kusema. Miradi ya ujenzi, ambamo unapeleka mbao, saruji na vinginevyo hadi jengo linainuka hatua kwa hatua, ni afadhali zaidi; ilinipa kwa mara ya kwanza sababu ya kulima kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya kununua trekta kubwa kuliko nililonalo. Bei za mazao bado hupanda na kushuka kwa majira kama katika 22, na bado hakuna ada ya shule inayokulazimisha kuuza gunia wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Mwenye ghala hushinda daima.

Kuhusu gharama, kwa kompyuta mchezo ulitoka kwa dola 49.99 za Marekani, na kwa fedha yetu hilo linapita laki moja na ishirini. Baba alipouliza nilimtajia nusu. Kwa mwenye toleo la 22 ambaye anapenda ngano, ng'ombe na misitu, naona hana sababu ya kuharakisha, hasa akiwa na kompyuta ya zamani. Kwa anayetaka mpunga, hakuna pengine pa kuupata kwa uzuri huu, na jarubani pekee nimeshatumia saa nyingi kuliko nilizotumia kwenye ramani nyingine mbili zikijumlishwa.

Na hapo narudi kwa lile swali la baba, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa namna ya kuucheza. Usiku wa tatu wa kunitazama nikijaza majaruba yangu matatu yote kwa mpigo, alisema, “Mwanangu, kama hawajakuwekea zamu, si ujiwekee?” Nilicheka, kisha nikachukua karatasi. Nimeurefusha mwezi wa mchezo uwe siku 3, na kikombeni nina vikaratasi vinne: vitatu vina namba za majaruba na cha nne hakina kitu. Kila siku ya mchezo inapoanza navuta kimoja. Jaruba lililotajwa ndilo ninaloruhusiwa kulijaza siku hiyo, na kikitoka kitupu maji yamekwenda kwa wengine. Tangu nianze, faida yangu imeshuka, mkopo haujapungua, na sijawahi kuucheza mchezo huu kwa makini kiasi hiki. Ninaagiza miche kwa mafungu kwa kuwa sijui ni lipi litatangulia. Nimeanza kufanya kazi za mkataba kwenye mashamba ya jirani ili nilipie upungufu. Jaruba la kwanza limepata zamu mara mbili lisizozihitaji, nami nimejikuta nikilichukia.

La tatu bado ni kavu. Miche yake imepangwa pembeni, na dirisha la kupanda linakaribia kufungwa. Juzi baba alipiga simu kutoka Igurusi kunieleza kuhusu dawa zake, na tulipokuwa tunaagana akauliza, kwa sauti ileile ya mtu anayeulizia mgonjwa, kama la tatu limeshapata maji. Nikamwambia, “Bado, Baba.”

“Hata langu,” akasema. “Wametuambia Alhamisi.”